Nani Analiuliza Shirika Hesabu?



Nimepewa mada ya thamani ya mashirika yasiyo ya kiserikali kwa jamii za mitaani na vijijini. Ningeweza kuwatajia visima vilivyochimbwa, madarasa yaliyoezekwa, vyandarua na mbuzi waliogawiwa, tukapiga makofi na kwenda kunywa chai. Visima ni jambo jema. Lakini mwaka 2025 ulileta mtihani ambao hesabu ya visima haiwezi kuujibu, na naona ni afadhali tuanzie hapo.

Tarehe 20 Januari mwaka huo, Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ikaguliwe upya. Barua za kusimamisha kazi zikaanza kumiminika. Tarehe 1 Julai shirika la misaada la Marekani, USAID, lenyewe likafungwa, na shughuli chache zilizosalia zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Huku kwetu, kuanzia Kampala hadi Dar es Salaam, magari yenye nembo milangoni yaliegeshwa, ofisi zikarudishwa kwa wenye nyumba, na wahudumu waliokuwa wakizunguka majumbani wakaambiwa wasubiri. Najua wengine mliomo humu mna ndugu ambaye bado anasubiri.

Fedha zilipokatika, mashirika yaligawanyika makundi mawili, na mgawanyiko huo haukufuata ukubwa wala umaarufu. Lipo kundi lililoondoka na kila kitu, likaacha kibao cha mradi kando ya barabara. Na lipo kundi ambalo watu wake walikutana siku yao ileile ya wiki, saa ileile, kwa sababu kilichokuwa kikiwakutanisha hakikuwa kimetoka kwa mfadhili. Nataka kuwaeleza kilicholitofautisha kundi hili la pili, maana ninavyoona mimi thamani yote ya shirika kwa jamii imelala hapo. Shirika lina thamani pale watu linaowahudumia wanapoweza kuliuliza hesabu, likajibu. Likiwa linamjibu mtu mwingine tu, ni mgeni mkarimu. Mgeni mkarimu tunamshukuru, lakini siku ya kuondoka hatuna la kumwambia.

Tuanze na sanduku la chuma.

Wengi hapa ni wanachama wa vikoba au vikundi vya kuweka na kukopa, na mnalijua sanduku hilo kuliko mimi. Kikundi kina watu kama 15 hadi 30. Kila mkutano mtu ananunua hisa kwa kadiri ya uwezo wake. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa watu watatu ambao si mwenyekiti, si katibu, si mweka hazina. Kabla halijafunguliwa, wanachama wanaulizwa: wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi? Wanajibu kwa sauti, hata yule bibi asiyejua kusoma, kwa kuwa kiasi hicho alikitia kichwani. Fedha zinahesabiwa juu ya mkeka mbele ya macho yote. Kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa, kuna faini ya kuchelewa, kuna faini ya simu kuita katikati ya kikao. Baada ya mzunguko wa mwaka hivi, kikundi kinavunja: kila mtu anachukua akiba yake na sehemu yake ya faida ya mikopo, kisha wanaanza upya.

Utaratibu huu haukushuka mbinguni. Mwaka 1991 shirika la CARE liliuanzisha Maradi, huko Niger, pamoja na wanawake wa vijijini waliokuwa tayari na desturi yao ya kuchangiana. Ukasambaa barani. Hapa kwetu ulifika Zanzibar, kwenye vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, na Bara tukaupata kwa sura ya VICOBA. Leo vikundi hivi vimeingia hata katika sheria: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka katika daraja la nne.

Angalieni shirika lilifanya nini hasa. Halikutia fedha ndani ya sanduku. Lilileta sanduku, daftari na mwalimu wa kukaa na kikundi kwa mzunguko mmoja, kisha mwalimu akaenda kijiji kingine. Kwa maoni yangu hili ni moja kati ya mambo makubwa kabisa ambayo shirika lolote limewahi kuifanyia Afrika Mashariki, na gharama yake kwa kikundi kimoja ni ndogo kuliko gari moja la kifahari. Huenda ndiyo sababu halitangazwi sana. Akina mama wanaohesabu noti chini ya mwembe hawatoi picha nzuri ya kalenda.

Sitaki mtu aelewe kwamba kabla ya hapo tulikuwa mikono mitupu. Wazee wa pwani wanakumbuka upatu na vyama vya kuzikana. Hata vyama vya ngoma ya beni, vilivyokuwa na vyeo vyao vya kijeshi na mashindano yao ya mavazi, vilikuwa na michango ya kumzika mwanachama na kumtunza mgonjwa aliye mbali na kwao. Mtu aliyetoka Songea kufanya kazi Dar es Salaam au Tanga enzi za mkoloni hakuwa na ofisi ya ustawi wa jamii. Alikuwa na chama cha watu wa kwao. Lakini tusiusifu ukale kupita kiasi. Upatu una ugonjwa wake, nao ni kijumbe, yule mkusanya michango, kutoroka na fedha. Sote tunaijua hadithi ya kijumbe aliyehamia mkoa mwingine usiku. Kufuli tatu ni dawa ya ugonjwa huo, na hapo ndipo shirika la nje lilipoongeza kitu juu ya kile ambacho watu walikuwa nacho. Kuaminiana kulikuwepo. Kilichokosekana ni namna ya kuhesabiana bila kugombana.

Sasa twende Ruvuma, maana huko ndiko lilikotokea jambo ambalo kila mtu anayefanya kazi ya maendeleo nchini Tanzania anapaswa kulijua, na wengi hawalijui.

Katika miaka ya 1960 na 1961 vijana wa chama cha TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga waliingia msituni mahali paitwapo Litowa, wilaya ya Songea, kuanzisha kijiji cha kuishi na kulima pamoja. Mwanzo ulikuwa mgumu na wengi walirudi makwao. Waliobaki wakashika mpini. Kijiji kikasimama, vijiji vya jirani vikaja kutazama, na mwaka 1963 vikaunda chama chao, Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, ambacho wasomi wengi wanakijua kwa herufi RDA. Kabla ya muongo kuisha kilikuwa na vijiji zaidi ya 15. Kilikuwa na mashine ya kusaga pale Songea mjini, kilikuwa na kiwanda cha mbao, na Litowa ilikuwa na shule ambayo watoto walisoma na kufanya kazi za kijiji kwa namna iliyokaribiana sana na Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967.

Chama hiki kilipokea misaada kutoka nje. Kilikuwa na mshauri Mwingereza, Ralph Ibbott, aliyehamia Litowa na familia yake. Kilikuwa na marafiki Ulaya waliotuma fedha na wataalamu. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba fedha ya mgeni lazima iharibu. Fedha iliingia, lakini uamuzi wa kuitumia ulikaa kwenye mkutano wa kijiji. Mshauri alishauri. Kijiji kikikataa, kimekataa. Wanakijiji walipanga wenyewe nani alime wapi, nani aende kusomea useremala, mapato yagawanywe vipi. Walibishana usiku kucha, na asubuhi walikwenda shamba kwa uamuzi waliokuwa wameufikia wao.

Mwalimu Nyerere aliwapenda. Alipoandika Ujamaa Vijijini mwaka 1967, Litowa ilikuwa mfano aliokuwa ameuona kwa macho. Lakini wakubwa wa mkoa hawakupenda kuona wakulima wanaojibu "tutalijadili kwenye mkutano wetu" wanapopewa agizo. Ndani ya TANU pia walikuwepo walioona kwamba maendeleo yasiyopitia mikononi mwao ni hatari. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama kile. Mali zake zikachukuliwa, mashine na magari vikaenda, walimu wa Litowa wakahamishwa, wageni wakaondoka nchini. Kilichofuata mikoani mnakijua: vijiji vya ujamaa viliendelea kuanzishwa, ila kwa amri, na baadaye kwa malori ya kuwahamisha watu.

Nimekaa Ruvuma kwa makusudi, maana kisa hiki kinakataa kujipanga upande mmoja. Mtu wa serikali anaweza kusema: mnaona, mashirika yenye wageni ndani yake huleta shida. Mtu wa mashirika anaweza kusema: mnaona, serikali haitaki wananchi wajisimamie. Mimi naona jambo jingine. Kilichowatisha wakubwa ni kile kile kilichokuwa na thamani. Lau chama kile kingekuwa kinagawa majembe tu, kingefunguliwa ofisi na kupewa kiwanja. Wanakijiji wa Litowa walikuwa wamejifunza kuuliza hesabu, na mtu aliyejifunza kuliuliza shirika lake hesabu haachi tabia hiyo mlangoni mwa ofisi ya wilaya.

Kutoka Ruvuma nawavusha mpaka hadi Gazi, Kwale, kusini ya Mombasa, mwendo wa kilomita kama 50 ukishavuka feri ya Likoni. Wapwani wenzangu hawahitaji kuelezwa mikoko. Mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, muia, mlilana: nyumba zetu zimesimama juu ya boriti zake, na mitepe na majahazi yalibeba miti hiyo hadi Uarabuni kwa karne nyingi. Gazi walikata kama kila mtu. Katika miaka ya 1970 kuni za mikoko zilichomwa kwa wingi kwenye viwanda vya chokaa na matofali, na sehemu za ghuba zikabaki tope tupu. Kuanzia mwaka 1991 watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI, walianza kupanda upya wakishirikiana na wenyeji. Kazi ikaenda polepole, mche kwa mche, mingine ikasombwa na mawimbi.

Mwaka 2013 ukazinduliwa mradi uitwao Mikoko Pamoja. Hesabu yake ni hii. Mikoko huvuta hewa ya ukaa na kuizika kwenye tope, na tope la mikoko hushika ukaa kwa wingi na kwa muda mrefu kuliko udongo wa misitu mingi ya nchi kavu. Watu na kampuni za mbali wanaotaka kufidia moshi wao wananunua vyeti vya tani za ukaa zilizohifadhiwa. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za msitu huo, wanapanda mikoko mipya, na kando ya vijiji wanapanda mivinje ili anayetaka nguzo au kuni apate pengine pa kukata. Kila mwaka wanauza vyeti vya tani kama 3,000. Shirika dogo la hisani lililosajiliwa Uskoti linasimamia mauzo na kumalizana na wanunuzi. Sheria ya misitu ya Kenya ya mwaka 2005 ndiyo iliyofungua mlango, kwa kuwaruhusu wananchi kupitia jumuiya za misitu kusimamia msitu wa serikali pamoja na idara yake.

Fedha si nyingi. Ukiigawa kwa kila kichwa haitoshi kununua gunia. Ila haigawanywi kwa vichwa. Inapelekwa barazani, na baraza la kijiji linaamua: mwaka huu maji, mwaka ule vitabu vya shule, mwaka mwingine dawa za zahanati au ukarabati wa darasa. Wakazi wamepata maji ya bomba kwa njia hiyo. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2019 vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, huko mpakani karibu na Tanga, vikaanzisha mradi wa namna hiyo wenye zaidi ya hekta 400. Majirani hawaigi kitu ambacho hawajaona faida yake.

Nina wasiwasi wangu kuhusu biashara ya ukaa, na si vizuri niufiche. Bei inapangwa mbali. Mnunuzi anaweza kununua dhamiri safi kwa bei ya karanga huku akiendelea kuchoma mafuta kama jana, na zipo sehemu barani ambako ardhi ya wafugaji imefungwa kwa jina la ukaa bila wao kuulizwa vizuri. Tofauti ya Gazi ni baraza. Mvuvi anaweza kusimama na kuuliza mbona bomba la upande wake halijafika, na mtu anayepaswa kumjibu amekaa mbele yake, wala hawezi kumwambia kwamba suala hilo linashughulikiwa na makao makuu.

Kuna wakati shirika halina hata hicho kidogo cha kupeleka barazani. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa Kagera. Miaka iliyofuata ilikuwa ya giza. Dawa hazikuwepo. Mgonjwa alitengewa kikombe chake, mjane alifukuzwa shambani, watoto waligawanywa kwa ndugu kama mizigo. Kampala, mwaka 1987, Noerine Kaleeba, ambaye mumewe alikuwa amefariki kwa ugonjwa huo, alikusanyika na wenzake waliokuwa wameguswa vilevile, wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia walioguswa na UKIMWI. Mwaka 1989, Dar es Salaam, Theresa Kaijage na wenzake wakaanzisha WAMATA, Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania. Walikuwa na nini cha kugawa? Karibu hakuna. Walikwenda nyumbani kwa mgonjwa, wakamwogesha, wakala naye chakula katika sinia moja mbele ya majirani. Walimsikiliza. Walimsaidia kuandika wosia ili mjane na watoto wasibaki nje.

Wapo watakaosema hiyo ni huruma tu, na huruma haijengi taifa. Basi tazameni kilichotokea miaka 15 baadaye. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure, kuanzia miaka ya 2003 na 2004, dawa peke yake haikutosha. Ilihitajika watu waliokubali kupima, waliothubutu kusema hadharani kwamba wanaishi na virusi, waliojua kumfuata mwenzao aliyeacha vidonge. Kazi hiyo ilikuwa imeshafanywa vitandani na majikoni na watu ambao hawakuwa na kitu. Daktari alipofika na dawa alikuta vikundi vinamsubiri. Hata sasa, fedha za Marekani zilipoyumba, penye kikundi cha wanaoishi na virusi ambacho kina maisha yake chenyewe, kuna mtu wa kugonga mlango wa mwenzake na kumuuliza kama amepata vidonge vya mwezi huu.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba mashirika yote yanahudumia. Yapo yanayouliza tu, nayo hayapendwi, na ningependa tuwe wakweli kwamba hata sisi wananchi tunayachoka. Serikali ya Tanzania ilipofuta ada ya shule za msingi na kuanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, mwaka 2002, watoto walimiminika madarasani. Ulikuwa uamuzi mkubwa na wa heshima. HakiElimu, shirika lililoanzishwa mwaka 2001, lilijipa kazi ya kufuatilia ahadi zile: ruzuku ya kila mwanafunzi imefika shuleni kiasi gani, vitabu viko wapi, kamati ya shule inajua bajeti yake? Lilijenga mtandao wa Marafiki wa Elimu mikoani, watu wa kawaida waliokwenda shuleni kwao na kuuliza. Lilitoa matangazo mafupi redioni na kwenye televisheni yaliyowafanya watu wacheke na kukasirika kwa pamoja. Mwaka 2005 lilichapisha muhtasari wa matokeo ya tathmini za mpango huo, tathmini za serikali yenyewe, na mwaka huohuo wizara ya elimu ikalipiga marufuku kufanya na kuchapisha tafiti kuhusu shule. Marufuku hiyo ilikuja kuondolewa.

BAWATA haikuwa na bahati hiyo. Baraza lile la wanawake, likiongozwa na Anna Tibaijuka, lilianzishwa katikati ya miaka ya 1990 na kuwafundisha wanawake kupima wagombea wa uchaguzi wa 1995 kwa maslahi yao: maji, ardhi, mirathi. Likaambiwa linafanya siasa. Mwaka 1997 likafutwa kwenye daftari la msajili. Mahakama Kuu ilikuja kusema kwamba ufutaji ule ulikuwa kinyume cha Katiba, lakini ilikuwa mwaka 2009, miaka 12 baadaye. Baraza lilishinda kesi likiwa limeshakufa. Wenzetu Kenya nao walipata sheria nzuri ya mashirika ya manufaa ya umma mwaka 2013, ikakaa kabatini hadi Mei 2024 ndipo ikaanza kutumika.

Nimeisema serikali vya kutosha, sasa niyageukie mashirika, na hapa baadhi ya wenzangu watanuna.

Mashirika mengi yanadai uwajibikaji kwa kila mtu isipokuwa kwa wale yanaoita walengwa. Taarifa ya robo mwaka inaandikwa kwa Kiingereza, inatumwa London, Washington au Copenhagen, inasomwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga kata husika. Andiko la mradi linaandikwa kwanza, kijiji kinatafutwa baadaye. Wananchi nao wamejifunza somo lao: wanakwenda semina kwa ajili ya posho na nauli, wanasaini mahudhurio, wanakubali kila kinachosemwa, wanarudi nyumbani. Nimekaa kwenye semina ambamo mada ilikuwa ushirikishwaji wa jamii na aliyeruhusiwa kuzungumza ni mwezeshaji peke yake. Na mashirika ya mfukoni tunayafahamu: mwenyekiti ni baba, mhazini ni mama, mjumbe ni shemeji, ofisi ni simu ya mkononi.

Dawa iliyopendekezwa na serikali ni sheria kali zaidi. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2019, na sasa shirika linatakiwa kupeleka hesabu zilizokaguliwa kwa Msajili kila mwaka na kuweka wazi mikataba yake ya fedha. Sipingi ukaguzi. Ila angalieni taarifa zinaelekea wapi: zamani zilikwenda juu kwa mfadhili, sasa zinakwenda juu kwa mfadhili na kwa Msajili. Mama wa kijijini ambaye jina lake limo kwenye orodha ya waliosaidiwa hatapanda basi hadi Dodoma kuomba nakala.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji sheria mpya. Tanzania tunao mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu kwa mujibu wa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982. Pale halmashauri ya kijiji husoma mapato na matumizi, na pale wenyewe wapo macho yanasomwa kwelikweli. Kila shirika linalofanya kazi kijijini lisimame katika mkutano huo na kusoma lake, kwa Kiswahili: tulipata kiasi gani kwa jina la kijiji hiki, kiasi gani kilifika hapa, kiasi gani kilikwenda kwenye mishahara, mafuta na hoteli. Karatasi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo kando ya ile ya halmashauri.

Nimelieleza wazo hili kwa watu wa mashirika na nimepata majibu ya aina mbili. La kwanza ni kwamba wananchi hawataelewa. Hilo silijibu, aliyekumbuka kwa kichwa fedha za sanduku la kikundi kizima wiki hadi wiki ataelewa. La pili lina uzito na limeninyima usingizi. Shirika lingine lipo kwa ajili ya watu wachache ambao kijiji chenyewe kimewatupa. Chama cha Albino Tanzania kilianza mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo vijiji vingi vikipigishwa kura visingetenga hata senti kwa ajili ya kofia na mafuta ya ngozi ya mtoto mwenye ualbino. Wajane waliofukuzwa shambani walifukuzwa na wajumbe wa mikutano hiyohiyo. Ukilifanya shirika la wanyonge limpigie magoti kila mtu mkutanoni, umewarudisha wanyonge mikononi mwa waliowanyonga.

Kwa hiyo nimelipunguza pendekezo langu. Mkutano mkuu usomewe fedha, usipewe kura juu ya nani asaidiwe. Hilo la pili liulizwe na wenye shida wenyewe katika kikao chao, wakiwa na haki ya kumwondoa kiongozi wa shirika wasiyemtaka, kama wenye funguo tatu walivyo na haki ya kukataa kufungua. Mashirika yaliyoanzishwa na watu wa nje yatapata tabu hapo, kwa kuwa katiba zake zinawapa uanachama watu saba wa mjini na kuwaacha walengwa nje. Katiba hizo zinaweza kurekebishwa katika mkutano mkuu mmoja. Wakurugenzi wawili waliomo humu ukumbini nimewaona wakinitazama vibaya tangu nilipotaja mishahara. Nawaomba wawe wa kwanza kushika kipaza sauti. Mwenyekiti, nakurudishia.